Kanuni Zilizozaliwa na Makosa: Historia ya Programu za Kufasiri Vipimo vya Damu

Jina la mwanapatholojia limezoeleka miongoni mwa wasemaji wengi wa Kiswahili kwa sababu ya uchunguzi wa maiti, kwa kuwa ndiye daktari anayetajwa magazetini na mahakamani pale chanzo cha kifo kinapotafutwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya taaluma hiyo inawahusu watu walio hai, nayo hufanyika maabara, ambako damu, mkojo na vinyama vilivyokatwa mwilini huchunguzwa ili daktari aliye wodini au kliniki ajue la kufanya. Tawi lake liitwalo patholojia ya kemia hushughulika na vitu vilivyoyeyuka ndani ya damu, kama vile sukari, chumvi, homoni na vimeng'enya, na mtaalamu wa tawi hilo ana kazi mbili: ya kwanza ni kuhakikisha kwamba tarakimu zinazotoka kwenye mashine ni za kweli, na ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kusema tarakimu hizo zina maana gani kwa mgonjwa huyu mwenye umri huu, anayetumia dawa hizi na kulalamikia maradhi haya. Kazi ya pili hukamilika kwa sentensi moja au mbili zinazoandikwa chini ya majibu, na sentensi hizo huitwa maoni. Historia inayofuata ni ya majaribio ya kuiwezesha kompyuta kuandika maoni hayo, hasa majaribio yaliyofanyika katika jiji la Sydney, nchini Australia, kuanzia miaka ya 1980, kwa sababu huko programu ya namna hiyo ilitumika kazini kila siku kwa muda wa kutosha kufichua kosa lililojificha ndani ya fikra nzima ya kuuhamisha utaalamu wa binadamu na kuutia ndani ya mashine.

Haja ya programu hizo ilitokana na wingi wa vipimo. Hadi katikati ya karne ya 20 kipimo cha kemia ya damu kilifanywa kwa mkono, sampuli moja kwa wakati wake, na mtaalamu aliyetia saini majibu machache kwa siku aliweza kuyatafakari yote. Mwaka 1957 kampuni ya Technicon ya Marekani ilianza kuuza mashine iliyobuniwa na Leonard Skeggs, mwanakemia wa Cleveland, ambayo ilizisukuma sampuli moja baada ya nyingine ndani ya mirija myembamba, zikitenganishwa kwa viputo vya hewa, na kuzichanganya na kemikali bila kuguswa na mkono wa mtu. Miaka mitatu baadaye Solomon Berson na Rosalyn Yalow, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu huko Bronx, New York, walieleza kwa kirefu njia ya kupima homoni kwa kutumia kingamwili pamoja na viini vyenye mnururisho, njia iliyowezesha kupima vitu vilivyo haba mno katika damu kiasi kwamba kemia ya kawaida haikuweza kuvigundua. Yalow alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufariki. Mashine ya Skeggs iliongeza kasi na njia ya Berson na Yalow iliongeza aina za vipimo, lakini hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyoongeza idadi ya watu wenye uwezo wa kueleza maana ya majibu.

Wapo waliojaribu kupunguza mzigo huo kwa njia ya macho, yaani kwa kuifanya mashine itazame seli za damu zilizopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Katika miaka ya 1960 Kendall Preston wa kampuni ya Perkin-Elmer na Marylou Ingram wa Chuo Kikuu cha Rochester waliunganisha darubini, kamera ya televisheni na kompyuta, kwa lengo la kuzitafuta seli nyeupe zenye viini viwili ambazo Ingram alikuwa ameziona katika damu ya watu waliofanya kazi karibu na mnururisho. Katika miaka ya 1970 zikaja mashine za kibiashara za kupanga seli nyeupe kwa aina zake, na mwanzoni mwa karne ya 21 kampuni ya CellaVision ya Lund, Sweden, ilifanikiwa kuziingiza mashine za namna hiyo katika hospitali nyingi, kwa utaratibu ambamo programu hupendekeza aina ya kila seli na mtaalamu hukubali au hurekebisha. Njia hiyo ya macho ina historia yake yenyewe. Hapa inatosha kusema kwamba seli ina umbo linaloonekana, ilhali homoni haina umbo, na maana ya kiwango chake haimo ndani ya sampuli peke yake.

Wazo la kwamba kompyuta yaweza kutoa ushauri badala ya kuhesabu tu lilipata umbo lake mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 Edward Shortliffe, akiwa bado mwanafunzi, alijenga programu iliyoitwa MYCIN ili ishauri kuhusu viuavijasumu vya kuwapa wagonjwa walioingiwa na bakteria katika damu, na baadaye wenye homa ya uti wa mgongo. Maarifa ya programu hiyo yaliandikwa kama mamia ya kanuni zenye muundo mmoja, wa kwamba ikiwa hali fulani zipo, basi hitimisho ni fulani, na kila kanuni ilitokana na mazungumzo na madaktari bingwa. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 1979 wataalamu wanane walipewa mapendekezo ya matibabu ya wagonjwa 10 wa homa ya uti wa mgongo bila kuambiwa yametoka kwa nani, wakayakubali mapendekezo ya MYCIN kwa asilimia 65, huku ya madaktari wa Stanford wenyewe yakikubaliwa kwa kiwango cha kati ya asilimia 42.5 na 62.5. Pamoja na ushindi huo, MYCIN haikuwahi kutumika wodini. Urithi wake mkubwa ulikuwa utaratibu wa kazi ambao Edward Feigenbaum, pia wa Stanford, aliuita uhandisi wa maarifa, yaani kwamba mtaalamu hukaa na mhandisi wa kompyuta, mhandisi humhoji, mtaalamu hueleza jinsi anavyofikiri, na mhandisi huyageuza maelezo hayo kuwa kanuni. Nyuma ya utaratibu huo ilikuwepo imani iliyoonekana wazi kiasi kwamba haikuhitaji kutetewa: kwamba maarifa yamo kichwani mwa mtaalamu mithili ya nafaka ghalani, na kilichobaki ni kuyachota.

Imani hiyo ndiyo iliyopelekwa Sydney. Taasisi ya Garvan ya Utafiti wa Tiba ilianzishwa mwaka 1963 kama kitengo cha utafiti cha Hospitali ya St Vincent's, katika mtaa wa Darlinghurst, na chini ya uongozi wa Les Lazarus, daktari bingwa wa homoni, maabara yake ilipokea sampuli nyingi za damu kwa ajili ya vipimo vya tezi ya thairoidi. Tezi hiyo imekaa mbele ya shingo, na ikivimba uvimbe wake huitwa rovu au goita. Hutengeneza homoni mbili zenye madini ya joto, T4 na T3, ambazo huamua kasi ya mwili kutumia nguvu zake, nayo huamrishwa na homoni nyingine, TSH, inayotoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. T4 ikipungua katika damu, TSH hupanda ili kuihimiza thairoidi, na T4 ikizidi, TSH hushuka. Kwa maelezo hayo mafupi ufasiri wa vipimo vya thairoidi ungeonekana kuwa jambo la jedwali moja lenye mistari michache.

Ugumu huanza pale mgonjwa halisi anapoingia. Sehemu kubwa ya T4 iliyo katika damu husafiri ikiwa imeshikwa na protini, na kwa kuwa mwanamke mjamzito au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huwa na protini hiyo kwa wingi, kiwango chake cha jumla cha T4 huonekana kikubwa ingawa tezi yake ni nzima. Mtu aliye mahututi kwa ugonjwa mwingine wowote huonyesha viwango vya chini bila ya tezi kuwa na kosa. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi, aliyenyweshwa madini ya joto yenye mnururisho, anayetumia lithiamu kwa maradhi ya akili, na anayemeza vidonge vya thairoksini, yaani T4, kila asubuhi, wote hao huleta tarakimu zinazofanana na za ugonjwa lakini zenye maana tofauti. Isitoshe, vipimo vya TSH vya miaka ya mwanzo ya 1980 havikuwa na makali ya kutenganisha kiwango cha chini na kiwango cha kawaida, hivyo daktari alilazimika kuupima uwezekano wa tezi kufanya kazi kupita kiasi kwa kutegemea T4 na T3 pamoja na taarifa chache zilizoandikwa kwenye fomu ya maombi, na fomu hizo, kama ilivyo katika kila hospitali duniani, mara nyingi zilijazwa kwa haraka.

Programu iliyojengwa ili kuandika maoni ya vipimo hivyo iliitwa GARVAN-ES1, ikaanza kutumika kazini katikati ya mwaka 1984, na mwaka uliofuata Kim Horn, Paul Compton, Les Lazarus na Ross Quinlan walichapisha maelezo yake. Muundo wake ulikuwa wa kawaida kwa wakati ule: tarakimu ziligeuzwa kwanza kuwa maneno kama juu, chini au mpakani, kisha kanuni zikayaunganisha maneno hayo na taarifa za fomu na kuchagua maoni yanayofaa. Kilichokuwa kigeni ni mazingira yake. Majibu yaliyokuwa na maoni ya kompyuta yalipitiwa na madaktari wa homoni kabla ya kutumwa, na daktari asiporidhika na maoni, kanuni zilirekebishwa. Hivyo programu iliishi chini ya macho ya watu walioijua kazi, siku baada ya siku, jambo ambalo MYCIN haikupata kamwe.

Takwimu za uhai huo zinastahili kutazamwa kwa makini. Ilipoanza kazi, asilimia 96 ya maoni yake yalikubaliwa na wataalamu. Miaka minne baadaye, kiwango hicho kilikuwa kimefika asilimia 99.7. Kwa mtazamo wa nje hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na kwa kweli yalikuwa mafanikio, lakini ili kupanda kwa asilimia hizo chache, hazina ya kanuni ilibidi iongezeke maradufu. Kanuni iliyohusu tezi kufanya kazi kupita kiasi, kwa mfano, ilianza mwaka 1984 ikiwa na masharti machache yanayosomeka kwa pumzi moja. Kufikia mwaka 1987 ilikuwa imerefushwa mara kadhaa, ikiwa imejaa vifungu vya hapana-ikiwa-hivi na isipokuwa-kama-vile, kila kifungu kikiwa alama ya mgonjwa fulani ambaye kanuni ya awali ilimkosea. Zaidi ya hayo, kila kifungu kipya kilikuwa na hatari yake, kwani kanuni iliyorekebishwa kwa ajili ya mgonjwa wa leo iliweza kuharibu jibu sahihi la mgonjwa wa mwaka jana. Ili kujikinga, watunzaji wa programu walihifadhi kumbukumbu za wagonjwa waliosababisha marekebisho, na kila kanuni ilipoguswa waliwapitisha wote upya ndani ya programu. Kazi ya kuandika kifungu ilikuwa ya dakika, na kazi ya kuthibitisha kwamba hakijaharibu kitu ilikuwa ya saa.

Compton, aliyekuwa akiutunza mfumo huo, alianza kuona katika taabu hiyo jambo zito kuliko uhandisi mbaya. Daktari wa Garvan alipoulizwa kwa nini maoni ya kompyuta hayafai kwa mgonjwa huyu, hakuwahi kueleza mwenendo mzima wa fikra zake uliomfikisha kwenye uamuzi. Alichofanya ni kutoa sababu zinazotosha kutetea uamuzi wake dhidi ya uamuzi uliokuwa mbele yake; akisema kwamba mgonjwa ni mjamzito, sababu hiyo ilitosha kwa kuwa kompyuta ilikuwa imedai tezi inafanya kazi kupita kiasi, na kama kompyuta ingalidai jambo jingine, daktari yuleyule angalitoa sababu nyingine kwa mgonjwa yuleyule. Maarifa hayakuwa yamekaa tayari yakingoja kuchotwa. Yalitungwa papo hapo, kwa ajili ya tukio lile, na yalikuwa sahihi ndani ya mazingira ya tukio lile. Kosa la mhandisi wa maarifa lilikuwa kuzichukua sababu hizo, kuzing'oa katika mazingira yake na kuzifanya kanuni za jumla, kisha kushangaa kwamba zinagongana. Mwaka 1990 Compton na Bob Jansen walichapisha makala iliyotoa hoja hiyo kwa misingi ya kifalsafa, na pamoja na hoja wakatoa dawa.

Dawa hiyo ilikuwa muundo wa kanuni unaoweza kuitwa kwa Kiswahili kanuni za viwimbi, kwa sababu kila tukio jipya hushuka kutoka kanuni moja hadi nyingine mithili ya viwimbi vya maji yanayoteremka ngazi. Mfano rahisi utatosha kuueleza. Tuseme kanuni ya kwanza inasema kwamba T4 ikiwa juu, tezi inafanya kazi kupita kiasi, na kwamba kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya mwanamume wa miaka 50. Siku moja yanaingia majibu ya mwanamke wa miaka 28, mjamzito, T4 yake ikiwa juu, na kompyuta inatoa maoni yaleyale. Mwanapatholojia anayakataa. Badala ya kumtaka aeleze elimu yake yote ya thairoidi, programu inawaweka wagonjwa hao wawili ubavu kwa ubavu kwenye skrini na kuorodhesha tofauti zao, yaani jinsia, umri, ujauzito na tofauti ndogo za tarakimu, kisha inamwomba achague ile inayomfanya mgonjwa wa pili astahili maoni mengine. Anauacha umri, anaiacha jinsia, anagusa ujauzito, anaandika kwamba T4 imepanda kutokana na hali ya mimba, na kazi imekwisha. Kanuni mpya inaning'inizwa chini ya ile ya kwanza kama hali yake ya pekee, na itafikiwa tu na mgonjwa aliyekwisha kuikidhi kanuni ya juu. Akija baadaye mjamzito mwingine ambaye T3 yake pia imepanda kuliko mimba inavyoweza kueleza, naye atapewa kanuni yake, chini ya ile ya pili.

Uzuri wa muundo huo uko katika kile usichokiruhusu. Kanuni ya zamani haifutwi wala haihaririwi, hivyo sababu zilizotolewa mwaka juzi zinabaki katika mazingira zilimotolewa. Mgonjwa aliyezaa kanuni ya juu, ambaye waandishi wa mfumo walimpa hadhi ya jiwe la pembeni, hawezi kuangukia kanuni mpya, kwa kuwa kanuni hiyo imejengwa kwa tofauti ambayo yeye hana. Uthibitisho ambao katika GARVAN-ES1 ulichukua saa nyingi sasa ulifanyika ndani ya kitendo chenyewe cha kuandika. Wanasayansi wa kompyuta waliopenda mpangilio nadhifu walilalamika kwamba jambo moja laweza kujirudia katika matawi kadhaa ya mti wa kanuni na kwamba mti wenyewe hukua kwa mpangilio wa wagonjwa walivyofika, bila mantiki ya kitabu. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, ila mwanapatholojia hakuwa na haja ya kuuona mti. Alichokiona ni wagonjwa wawili na tofauti zao, na kuwalinganisha wagonjwa ndiyo kazi aliyoisomea.

Jaribio la kweli la muundo huo lilifanyika katika Hospitali ya St Vincent's yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mfumo ulioitwa PEIRS, ambao maelezo yake yalichapishwa mwaka 1993 katika jarida la Pathology na Glenn Edwards, Compton na wenzao. Edwards alikuwa mwanapatholojia wa kemia, si mhandisi, na hilo ndilo jambo kuu la sura hii yote ya historia: kanuni aliziandika yeye mwenyewe, katikati ya kazi yake ya kila siku ya kupitia majibu, bila mhandisi wa maarifa kusimama kati yake na programu. Mfumo uliingia kazini ukiwa na kanuni zipatazo 200 tu, idadi ambayo mbunifu wa kizazi cha MYCIN angeiona kuwa ni ya mfano wa majaribio, kisha ukakua ukiwa kazini hadi ukapita kanuni 2000, kila moja ikiwa imegharimu dakika chache. Haukubaki kwenye thairoidi peke yake. Ulifasiri gesi za damu ya ateri, ambazo huonyesha jinsi mapafu na figo vinavyoshirikiana kudhibiti asidi ya mwili, vipimo vya mwili kuhimili sukari, na homoni za aina nyingi, ukawa miongoni mwa mifumo mipana kuliko yote ya aina yake katika matumizi ya kila siku.

Inafaa kusimama kidogo kwenye namna Edwards alivyofanya kazi, kwa kuwa humo ndimo tofauti na mfumo uliotangulia inapoonekana. Katika GARVAN-ES1 kosa lililogunduliwa na daktari lilikuwa mzigo kwa mtu mwingine, aliyelazimika kuisoma kanuni ndefu, kukisia mahali pa kuigusa, kisha kujaribu upya. Katika PEIRS kosa lilikuwa ndiyo malighafi. Majibu yalipotokea kwenye skrini yakiwa na maoni yasiyofaa, au bila maoni yoyote pale palipostahili maoni, Edwards aliyasahihisha palepale, akiwa bado anamfikiria mgonjwa yuleyule, na mgonjwa wa kesho mwenye hali kama hiyo alipata maoni yaliyosahihishwa. Mfumo usingeweza kukua bila kukosea, na kwa sababu hiyo ulimhitaji mtu wa kuyaona makosa yake hata ulipokuwa umekwisha kuwa mkubwa.

Swali lililofuata lilikuwa la usalama: mtaalamu anayepitia mamia ya majibu, karibu yote yakiwa sahihi, atabaki macho mpaka lini? Mwaka 1995 Edwards, pamoja na Byeong Ho Kang, Phil Preston na Compton, walichapisha makala kuhusu mifumo yenye busara na wasifu, na maneno hayo mawili yanaeleza vizuri walichokusudia. Wasifu ulikuwa kumbukumbu ambayo mfumo hujiwekea kuhusu usahihi wa maoni yake, ili msomaji wa majibu ajue kama maoni haya yamekwisha kuthibitishwa mara nyingi au yametolewa jana. Busara ilikuwa uwezo wa mfumo kuonya kwamba mgonjwa aliye mbele yake hafanani na wale ambao kanuni husika imekwisha kuwahukumu, kwa mfano pale kanuni iliyozoea watu wazima inapofikiwa na majibu ya mtoto. Programu ambayo haijui kitu inaweza kufundishwa, lakini programu isiyojua kwamba haijui ni hatari kwa mgonjwa, na waandishi hao walilitambua hilo mapema, wakati ambapo sehemu kubwa ya taaluma yao ilikuwa ikishindania asilimia za usahihi peke yake.

Kang, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New South Wales, alitatua pia udhaifu wa muundo wa kwanza, ambao uliruhusu hitimisho moja tu kwa kila mgonjwa. Sampuli moja ya damu yaweza kuonyesha kwamba figo zimechoka, sukari imepanda na damu imepungua, na kila jambo linahitaji maoni yake. Katika muundo wa Kang mgonjwa hushuka kupitia matawi yote yanayomhusu kwa wakati mmoja, na kanuni mpya hupimwa dhidi ya wagonjwa wote wa jiwe la pembeni wanaoweza kuguswa nayo, badala ya mmoja. Muundo huo ndio uliochukuliwa na kampuni ya Pacific Knowledge Systems, iliyoanzishwa Sydney katikati ya miaka ya 1990, ambayo iliutengeneza kuwa bidhaa iliyoitwa LabWizard na kuiuza kwa maabara za ndani na nje ya Australia. Tangu mwaka 2021 kampuni hiyo inaitwa Beamtree. Kumbukumbu zilizokusanywa kutoka katika maabara hizo, zenye makumi ya maelfu ya kanuni zilizoandikwa na wanapatholojia wenyewe kwa miaka mingi, zilionyesha kwamba kuongeza kanuni kuliendelea kuchukua dakika moja au mbili hata pale hazina ilipokuwa imefikia maelfu ya kanuni, jambo ambalo watunzaji wa GARVAN-ES1 wasingeliamini.

Garvan iliacha pia urithi wa pili, uliosafiri mbali zaidi. Ross Quinlan, mmoja wa waandishi wa makala ya mwaka 1985, alikuwa akibuni njia ambazo kwazo kompyuta hujitungia kanuni kutokana na mifano bila ya kumhoji mtaalamu, na majibu ya thairoidi ya maabara ile yakawa mifano yake. Kumbukumbu 9172, za tangu mwaka 1984 hadi mwanzoni mwa 1987, ziliwekwa baadaye katika hazina ya wazi ya data ya Chuo Kikuu cha California huko Irvine, na wanafunzi wa ujifunzaji wa mashine katika nchi nyingi hujifunza kazi yao kwa kuzitumia. Safu zake bado zinabeba fomu ya maombi ya Darlinghurst: umri, jinsia, anatumia thairoksini, ni mgonjwa, ni mjamzito, amefanyiwa upasuaji, anatumia lithiamu, ana rovu, kisha TSH, T3, T4 na vingine, na mwisho herufi ya utambuzi, ambayo kwa karibu robo tatu ya wagonjwa ni kistari tu, kwa maana ya kwamba hakikuonekana kitu cha kutolea maoni. Katika mojawapo ya mafungu ya data hiyo yumo mgonjwa ambaye umri wake umeandikwa kuwa miaka 455. Aliyeiandika tarakimu hiyo bila shaka alikosea kidole akiwa na rundo la fomu mbele yake, na katika maabara ya mwaka 1984 daktari aliyepitia majibu angaliweza kuomba fomu na kuuliza. Katika hazina ya data hakuna wa kuulizwa, hivyo miaka 455 imebaki vilevile, na kila mwanafunzi anayeifikia huamua mwenyewe kama atamfuta mgonjwa huyo au atamkisia umri.